Nani Aamke Kwanza

Katika ofisi ile ya maji hata mlango ulikuwa na vyeo vyake. Mkurugenzi alipita wa kwanza, Mhasibu Mkuu wa pili, Afisa Itifaki wa tatu, naye akishapita aligeuka kumkazia macho wa nne asije akajisahau. Chai ilimiminwa hivyo hivyo. Mvua ikiwakuta uwanjani, walikimbia hivyo hivyo, na waliolowa sana walikuwa wenye vyeo vidogo, kama Mungu alivyopanga, au kama Afisa Itifaki alivyomsaidia kupanga.

Wa mwisho kabisa alikuwa Msaidizi wa Mitambo Daraja la Tatu. Daraja la kwanza na la pili hayakuwahi kuwa na mtu, lakini heshima ya nafasi zao ilitunzwa. Huyu wa tatu alikuwa mama mjane wa makamo, kitambaa kichwani, viatu vya raba visivyopiga kelele. Walimwita Bi Mitambo. Aliajiriwa kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na moja.

Kazi yake ilikuwa kuitunza mashine kuu, iliyokaa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi. Mashine hiyo ndiyo iliyoendesha pampu, ikapima tangi, ikapiga bili za mji mzima. Fundi aliyeileta alikaa naye wiki sita akimfundisha. Hakumuuliza cheti. Alimuuliza kama anajua kusubiri.

"Mashine hii haiamki yote kwa mpigo," fundi alimwambia. "Ni kama nyumba ya watu. Anayewasha moto huamka kabla ya anayekunywa chai."

Kila kazi ilikuwa na faili lake dogo la maagizo. Mafundi huyaita skripti. Kila skripti ilipaswa kujua maneno matatu: anza, simama, na uko hai? Ziliwekwa kwenye folda mbili. Folda ya kwanza ilikuwa ya mfumo wenyewe, yenye skripti za kuamsha diski, saa na mtandao. Hizo zilikuja na mashine, na waliozitunga wako mbali, hawamjui mtu. Folda ya pili ilikuwa ya wenyeji: tangi, pampu, bili, printa ya stoo.

"Usizichanganye," fundi alisisitiza. "Siku wenye mfumo wakileta toleo jipya, watafagia chumba chao. Ukiwa umeweka chombo chako humo, watakifagia nacho."

Bi Mitambo alishika. Kila mwisho wa mwezi aliizima mashine, akaifuta vumbi, akaiwasha, akakaa kwenye kigoda kutazama mistari ikipita kwenye skrini. Diski, sawa. Saa, sawa. Mtandao, sawa. Kila "sawa" aliiitikia "Amina" kwa sauti ya chini. Si kwamba aliiabudu mashine. Alimshukuru Mungu kwa kila kinachoamka, na kwa umri wake alishaona wengi wasioamka.

Hayo yote yalikuwa salama mpaka siku ambayo Mkurugenzi aliwahi kazini. Hakuna aliyejua kwa nini. Wengine walisema saa yake ya ukutani iliharibika. Alipopita chini ya ngazi akaona mlango uko wazi na mistari inapita, akachungulia.

"Bi Mitambo."

"Naam, bosi."

"Hii namba ishirini ni nini?"

"Ni salamu zako, bosi. Ile picha yako pale mapokezi na maneno ya kukaribisha wateja. Zimeamka salama."

"Na hii kumi na tisa?"

"Printa ya stoo."

Mkurugenzi alishika fremu ya mlango kama mtu aliyeambiwa majibu ya vipimo.

"Printa," akasema taratibu. "Ya stoo."

Kabla ya saa nne Kamati ya Kuhuisha Mpangilio wa Kuamka ilikuwa imeundwa. Kuna bomba lililokuwa limepasuka nyuma ya soko tangu majuma matatu yaliyopita, nalo lilikuwa bado linasubiri kamati yake, lakini mambo huenda kwa umuhimu. Akaitwa pia Mshauri kutoka nje, mtu mwenye mkoba unaong'aa na simu tatu, akakaa upande wa dirishani asije akaulizwa sana.

Kikao kilichukua siku tatu. Namba moja ilipatikana haraka: Salamu za Mkurugenzi. Namba mbili, bili za Mhasibu Mkuu. Namba tatu ikampata Afisa Itifaki, ila ikagundulika kwamba mzee huyo hakuwa na skripti yoyote ndani ya mashine. Ikatungwa moja kwa dharura. Haikufanya kitu, ilitoa tu taarifa kwamba Itifaki imeamka. Wengi walisema ndivyo ilivyo hata nje ya mashine, lakini walisemea chooni.

Kwa njia hiyo wakubwa wote walipata nafasi mpaka namba kumi na tatu. Diski ikapewa kumi na nne, mtandao kumi na tano, saa kumi na sita. Tangi na pampu zilifuata kwa mbali, maana hazikuwa na mwakilishi kikaoni. Printa ya stoo ikawekwa ishirini na mbili, ijitambue.

"Halafu jambo la folda," alisema Afisa Itifaki. "Haiwezekani Mkurugenzi akae folda ya wenyeji, kama mpangaji wa uani, huku saa imekaa ukumbini. Wote waingie folda moja, ile ya mfumo."

Siku ya tatu jioni ndipo Bi Mitambo alipoitwa, maana mtu anapojenga, fundi huitwa mwisho. Alisimama karibu na mlango, akausoma mpangilio wote kwa kidole, mstari kwa mstari. Afisa Itifaki alitazama saa yake mara mbili.

"Wazee wangu," alisema, "hii haitaamka."

"Haitaamka vipi?"

"Picha ya bosi haikai kwenye mashine hii. Inachukuliwa kwenye mashine ya ghorofani, kwa kupitia mtandao. Na salamu hizi zimeandikwa zisiondoke mlangoni mpaka zipate picha. Sasa bosi mmemuweka wa kwanza, mtandao wa kumi na tano. Salamu zitasubiri mtandao. Mtandao utasubiri salamu zimalize. Watatazamana hivyo mpaka parapanda ilie."

Afisa Itifaki alitabasamu, tabasamu la mtu mzima akimsikiliza mtoto akieleza mvua inatoka wapi.

"Bi Mitambo, huo mtandao unajua kwamba anayeusubiri ni Mkurugenzi?"

"Haujui, mzee."

"Basi utajulishwa."

Wajumbe wakacheka. Mhasibu Mkuu akafuta machozi kwa leso.

"Na tuseme imekwama," Bi Mitambo aliendelea, "nitaiambia nini? Naona skripti ya bosi mmeitoa lile neno la 'simama'."

"Sasa wewe mama," Afisa Itifaki aling'aka, "nani katika ofisi hii ana mamlaka ya kumsimamisha Mkurugenzi?"

Bi Mitambo aliondoa kidole kwenye karatasi.

"Una elimu gani, mama yangu?" Mhasibu Mkuu aliuliza kwa upole wa kuchoma.

"Darasa la saba."

"Haya basi." Akamgeukia Mshauri. "Kitaalamu, hii inapangika?"

"Kitaalamu, kila kitu kinapangika," alisema Mshauri, akarudi kwenye simu yake ya pili. Aliulizwa kupanga, hakuulizwa kuamka. Mtu mwenye akili hajibu asichoulizwa.

Ndipo wakamsogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa: *Mimi, Msaidizi wa Mitambo, nimekagua mpangilio huu na nimeridhika kwamba mashine itaamka.* Chini yake mstari wa sahihi. Kando yake Afisa Itifaki aliweka bahasha ya kaki.

"Hii ni barua yako ya ajira ya kudumu. Miaka kumi na moja, mama. Mkurugenzi ameshaiwekea mhuri. Inasubiri kalamu yako tu, pale kwenye ile karatasi. Kesho asubuhi."

Alirudi nyumbani na ile karatasi kwenye mkoba. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele. Waliishi wawili tangu mume alipofariki. Mkwe hakuwa na mtoto mwingine, na yeye hakuwa na mama mwingine. Alimsomea ile karatasi, na bahasha akamweleza.

"Ajira ya kudumu," mkwe alisema. "Maana yake hata ukiugua?"

"Hata nikiugua, mama. Hata nikizeeka."

"Na ukisaini, nani atakayeumia?"

"Mashine haitaamka. Maji hayatatoka. Watakuja kutafuta mwenye kosa, wakute jina langu."

"Na usiposaini?"

"Haitaamka vilevile. Ila mimi watanifukuza."

Mkwe alitoa jiwe kwenye mchele, akaliangalia, akalitupa nje ya mlango.

"Mkono ni wako," alisema. "Lakini jina unaloandika pale ni la mwanangu. Alikufa likiwa halina uongo. Mimi sikuagizi kitu. Nasema tu jina ni la nani."

"Umeniagiza, mama."

"Basi kama umesikia agizo, kale. Chakula kinapoa."

Alisali, akalala, na asubuhi akairudisha karatasi ikiwa safi kama ilivyotoka. Afisa Itifaki hakukasirika. Watu wa itifaki hawakasiriki, huandika barua. Bi Mitambo akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha chini ya ngazi, akapelekwa stoo kuhesabu koki. Bahasha ya kaki ikarudi mtotoni mwa meza, suala lake "litafikiriwa baada ya uzinduzi". Kwa lugha ya kawaida, mwisho wa mwezi asije tena.

Uzinduzi ulifanyika Jumatano saa tatu asubuhi. Skrini ya pili ya mashine, pamoja na kitufe cha kuwashia, ilitolewa kwa waya mrefu mpaka ukumbini, ikavishwa utepe. Alikuwepo Mwenyekiti wa Bodi, mama mtu mzima mwenye fimbo, ambaye kasoro yake kubwa ilikuwa kupenda kuuliza maswali. Mashine ilizimwa kwa makofi. Mkurugenzi akaminya kitufe, ikawashwa kwa makofi zaidi.

Mstari wa kwanza ukatokea: *1. Salamu za Mkurugenzi...*

Wakasimama kumpigia makofi. Wakapiga mpaka viganja vikawaka moto. Wakakaa. Mstari ulikuwa pale pale.

"Inasubiri nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Inatafakari, mheshimiwa," alisema Afisa Itifaki.

Ilitafakari nusu saa. Afisa Itifaki akatoa hotuba ya kujazia, kisha akairudia kwa maneno mengine. Simu ya mapokezi ikaanza kulia: shule hawana maji, zahanati hawana maji, muuza samaki sokoni anauliza awaoshe kwa mate? Mmoja akaenda chooni akarudi na uso uliobadilika. Mkurugenzi akanong'ona waikatize. Wakakumbuka kwamba neno la kuikatiza walilitoa wenyewe, kwa kura, hakuna aliyepinga. Wakaizima na kuiwasha tena; ikaamka na utiifu ule ule, ikasimama pale pale. Wakampigia Mshauri. Simu zote tatu hazikupatikana.

"Huyu anayeitunza mashine yuko wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Yuko stoo, mheshimiwa. Anahesabu koki."

"Koki za nini, wakati maji hayatoki? Mleteni."

Bi Mitambo alikuja na kutu viganjani. Aliangalia skrini mara moja tu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Hebu nieleze kama mtu wa nyumbani."

"Bosi amesimama mlangoni, anasubiri wa kumfungulia. Wa kumfungulia yuko nyuma yake kwenye foleni, na amekatazwa kumpita. Nyuma yao wamesimama tangi, pampu na mji mzima."

Mwenyekiti alikohoa kidogo, kikohozi cha kuficha jambo. "Dawa yake?"

"Salamu zirudi nyuma."

Mhasibu Mkuu akagundua kamba ya kiatu chake imelegea. Afisa Itifaki akaangalia dari. Mkurugenzi peke yake ndiye aliyesema, na sauti ilitoka kama ya mtu anayeulizia kaburi lake litachimbwa upande gani.

"Nyuma ya printa?"

Bi Mitambo alimtazama. Alikuwa na majibu mengi, mengine ya haki kabisa, na kila moja lingemuacha mzee yule namba moja na mji na kiu yake. Akamwomba Mungu amfungie mdomo kwa hayo na amfungulie kwa jingine.

"Bosi, naomba nimuulize mzee wa itifaki kitu. Mzee, kwenye sherehe, mgeni rasmi huingia saa ngapi?"

"Mwisho," Afisa Itifaki alijibu palepale. Hayo yalikuwa maandiko yake. "Watu wote wakishakaa. Akitangulia ni aibu kubwa. Apokelewe na viti?"

"Ndiyo nashangaa. Leo bosi kaamshwa wa kwanza. Diski imelala, mtandao umelala, pampu hata uso haijanawa. Nani kampokea?"

Mkurugenzi aligeuza shingo polepole.

"Itifaki," alisema. "Nani aliniweka namba moja?"

"Mheshimiwa, kamati..."

"Nimeuliza nani."

Afisa Itifaki akapiga funda la mate, kwa kuwa maji hayakuwepo.

"Bi Mitambo," Mkurugenzi alisema, kifua kimeshaanza kurudi mahali pake, "niweke mwisho. Mwisho kabisa. Asiwepo mtu nyuma yangu."

"Sawa, bosi."

"Na mimi niwe karibu na mwisho," Mhasibu Mkuu alidakia, kamba ya kiatu ikiwa imepona. "Ishirini na moja ni yangu."

"Samahani, ishirini na moja ni ya Utumishi!" alipaza sauti Afisa Utumishi.

"Utumishi tangu lini akampita Mhasibu?"

Wakainuka wote. Waliotumia siku tatu kugombea mbele sasa waligombea nyuma kwa moyo ule ule, na kila aliyesukumwa mbele alilalamika kwamba ameshushwa hadhi. Tangi, pampu, diski na printa ya stoo zikatupwa mbele kama watoto wanaoambiwa wakakae mkekani. Hakuna aliyezitetea. Bi Mitambo naye hakuzitetea.

Akachukua ufunguo wake mezani bila kupewa, akashuka chini ya ngazi. Aliiwasha mashine kwa ile njia aliyofundishwa, njia ya mtu mmoja, ambapo inaamka macho nusu, haiiti skripti ya mkubwa wala ya mdogo, inamsikiliza mtunzaji peke yake. Alifanya kazi kwa utulivu. Kelele za juu zilimfikia kama za harusi ya jirani. Za mfumo akazirudisha kwenye folda yao, za wenyeji kwenye yao, salamu akaziweka mwisho kabisa, na lile neno la "simama" akalirudisha kwenye skripti ya bosi. Hapo hakuomba ruhusa. Skripti ya Itifaki aliisoma mara mbili, akatafuta inafanya nini, akaiacha. Isiyosaidia wala kudhuru haina haja ya kuuawa.

Alipopanda, karatasi mpya ilikuwa imeshachapwa kwa kompyuta ndogo ya mapokezi, na maneno yalikuwa yale yale: *nimekagua na nimeridhika kwamba mashine itaamka.* Kando yake bahasha ya kaki, ambayo kumbe inaweza kutoka mtotoni mwa meza kwa dakika mbili. Mkurugenzi mwenyewe alishika kalamu, akamnyooshea.

"Haya, mama. Saini tumalize, mheshimiwa ana safari."

Bi Mitambo hakuipokea.

"Bado sijaridhika, bosi."

"Si umeitengeneza wewe mwenyewe?"

"Nimeitengeneza. Sijaiona ikiamka."

"Mama, watu wamesimama!"

"Mwacheni," alisema Mwenyekiti, akaegemea fimbo yake. "Mimi safari yangu inasubiri."

Basi wakasubiri wote, wakubwa kwa wadogo, wamechanganyika bila mpangilio, maana hakuna aliyekumbuka sasa nani asimame wapi. Bi Mitambo akaminya kitufe. Diski, sawa. Saa, sawa. Mtandao, sawa. Midomo yake ilicheza kidogo kila mara. Tangi likapimwa, likasema limebaki robo. Pampu ikafika, ikakaa pale kidogo, watu wakakazana kutopumua, mpaka kutoka chini ya sakafu ukasikika muungurumo. *Sawa.* Bomba la chooni, lililoachwa wazi tangu asubuhi, likakohoa, likatema hewa, likatema kutu, likaanza kutoa maji. Hakuna aliyekwenda kulifunga.

Mistari iliyobaki ilipita. Itifaki imeamka. Bili, sawa. Mwisho kabisa, peke yake, asiwepo mtu nyuma yake, picha ya Mkurugenzi ikajaa kwenye skrini ya mapokezi ikitabasamu.

"Si niliwaambia?" Mkurugenzi alimwambia Mwenyekiti. "Huu mpangilio mpya ni jambo la maana sana. Tatizo watu wanaogopa mabadiliko."

"Naona," alisema Mwenyekiti.

Bi Mitambo alifuta kutu viganjani kwa upande wa ndani wa kanga yake, akaketi, akaisoma karatasi upya kutoka juu, neno kwa neno, kidole kikitembea. Kisha akaandika jina la mumewe pale kwenye mstari, taratibu, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasa la saba.

Ilimchukua muda. Afisa Itifaki alimshikia karatasi isiteleze.